Mama Klara wa Kwenye Kompyuta

Ngokolo, Shinyanga
Jumamosi, 8 Novemba 1997

Nimepata chumba. Sijajua bado kama nimepata mwenye nyumba au askari magereza. Anaitwa Mzee Magesa, mstaafu, mrefu, mkimya, na ndiye katibu wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa mtaa huu. Alinihoji barazani kabla hajanionyesha hata kufuli. Jina? Onesmo. Kabila? Mzinza. Kazi? Mchora ramani katika kambi ya watafiti wa dhahabu, Geita. Mbona niko Shinyanga? Kwa sababu mvua imekata barabara ya kambini, mashine za kuchoronga zimezama kwenye tope, na tumeambiwa tutawanyike mpaka tutakapoitwa.

Kompyuta yangu, ile kuukuu niliyopewa kambini walipoleta mpya, aliizunguka mara mbili.

"Hii inafanya nini?"

"Inachora ramani, mzee."

"Na isipochora?"

Mtu akikuuliza swali la namna hiyo, ujue jibu lake analo tayari.

Mkewe, Mama Klara, aliniletea uji wa ulezi bila kunihoji lolote. Hilo nalo limenitia shaka.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Redio inasema ni Elnino. Shinyanga niliyoijua mimi ilikuwa ya vumbi.

Jumamosi, 15 Novemba

Panya wametafuna waya wa kompyuta. Nikaenda mjini kwa Nitin, anayetengeneza redio na taipureta karibu na soko. Simwamini Nitin. Anatabasamu kabla hujamwambia shida yako.

"Karibu kaka, umelowa," alisema, akaunga waya huku akinisimulia habari za mjomba wake aliyehamia Uingereza. Kisha akatoa bati la biskuti lililojaa disketi. "Hizi ni za mjomba. Mimi sina kompyuta, sijui kuna nini humo. Chukua, kaangalie."

Mwenye duka hatoi kitu bure. Nilizichukua nikijua kabisa kwamba zina virusi, kwamba mashine yangu itakufa, na kwamba atakayelipwa kuifufua ni yeye.

Disketi ya nne ndiyo iliyonikalisha kitako. Mistari myeupe kwenye kioo cheusi, ujia wa mawe unaokwenda mbele, mlango upande wa kushoto, na chini maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba mnasikia kitu kikipumua gizani. Mchezo huu naujua! Miaka kumi iliyopita, chuoni Dar es Salaam, mwalimu wetu Mholanzi alikuwa nao ofisini. Alikuwa akituachia ufunguo siku za Jumamosi, nasi tunashinda humo mpaka tunasahau kula. Unaunda kundi la watu sita: wenye panga, mpiga mishale, mwizi wa kufungua makufuli, mchawi, tabibu. Unawashusha chini ya ardhi, ngazi baada ya ngazi, kulitafuta joka lililoiba taji la mfalme. Ramani hupewi. Unaichora mwenyewe kwenye karatasi ya grafu, mraba kwa mraba, na ukikosea mraba mmoja watu wako wanapotea na kufa.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa na furaha ya aina hii. Kwa miaka kumi nimechora ardhi ili wengine waichimbe. Leo nilichora vyumba vitatu na ngazi moja, nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Jumatatu, 17 Novemba

Chuoni tulikuwa na sheria moja: kundi lako ulipe majina ya watu unaoishi nao. Ukiwaita A na B, utawatupa kwa mazimwi bila huruma. Ukimpa mmoja jina la mtu anayekusalimia asubuhi, utafikiri mara mbili kabla ya kufungua mlango.

Kwa hiyo: Magesa, upanga wa mbele. Januari, mtemi wa sungusungu, anayepita jioni na upinde wake akichungulia madirisha ya watu, upanga wa pili. Lusia, niliyetaka kumwoa akaniona sina mbele wala nyuma, mpiga mishale. Nitin, mwizi, hapo sikuhitaji kufikiri. Mama Klara, tabibu, kwa ajili ya uji.

Mchawi nilimwita Mholanzi. Kuandika jina la jirani kwenye nafasi ya mchawi, hapa Usukumani, hata kama ni ndani ya mashine, ni kujitafutia makubwa. Nilijipongeza kwa busara hiyo.

Ijumaa, 21 Novemba

Kuna mtu anaingia chumbani mwangu. Kufuli niliiacha imeangalia ukuta, nimeikuta imeangalia mlango. Hakuna kilichopotea. Mwizi asiyeiba ni mbaya kuliko anayeiba.

Jumapili, 23 Novemba

Ngazi ya pili. Magesa kajeruhiwa, Mama Klara kamponya. Mvua.

Jumamosi, 29 Novemba

Mzee Magesa alinisimamisha uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shikamoo zako za asubuhi nazisikia. Maneno yako ya jioni nayo nayasikia."

"Maneno gani?"

"Jana ulisema: Magesa, piga. Magesa, rudi nyuma. Magesa anavuja damu."

Nyumba hii haina dari. Kuta zinaishia chini ya kenchi, na sauti inapita juu kwenda inakotaka. Nami nina tabia ya kuzungumza ninapocheza. Nikamweleza kwamba ni mchezo, kama bao tu.

"Kete za bao hazina jina langu," alisema, akaenda zake.

Sasa nina hakika ni yeye anayeingia. Anatafuta ushahidi.

Alhamisi, 4 Desemba

Nilibandika unywele kati ya mlango na fremu, nikaaga kwamba naenda mjini, nikarudi baada ya muda mfupi. Unywele umekatika, mlango uko wazi. Ndani alikuwemo Mama Klara, ameinama na beseni mikononi. Kompyuta yangu ilikuwa imefunikwa nailoni.

"Bati linavuja hapo juu ya chombo chako," alisema bila hata kushtuka. "Baba Klara kasema atapanda kuliziba likikauka. Litakauka lini? Kila nikisikia mvua inaanza nawe haupo, naingia kwa ufunguo wa akiba nafunika. Ukirudi mapema unakuta nimeshafunua, maana nikiacha utasema nimekichokoa."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kwa kutojua niseme nini nikawasha mashine, nikamwonyesha jina lake.

"Mimi ni nani humo?"

"Tabibu. Unaponya watu."

"Namponya nani?"

"Baba Klara zaidi. Kila mlango anaumia."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Hata huku nje yuko hivyo hivyo," alisema. Kisha akasogea karibu na kioo. "Hebu tuingie kidogo nione ninavyofanya."

Jumatatu, 8 Desemba

Anakuja na ungo wake, anachagua mchele mlangoni na kutoa amri. Januari asitangulie kwa sababu ana hasira. Lusia apunguze maringo. Tukikuta zimwi linalotaka kuzungumza, tulisalimie kwanza. Leo tulilisalimia moja likatuonyesha mlango wa siri. Chuoni hatukuwahi kuliona jambo hilo. Sisi tulikuwa tunapiga tu. Nimefurahi kuliko siku ile ya kwanza.

Mzee Magesa amepita mlangoni mara mbili. Bado namwangalia kwa jicho la pembeni.

Jumatano, 10 Desemba

Hakuna umeme.

Jumapili, 14 Desemba

Nimefanya kosa.

Ngazi ya nne tulikuta sanduku. Kazi ya kufungua masanduku ni ya mwizi. Ndiye mwenye vidole vya kutegua mitego. Lakini mwizi wangu anaitwa Nitin, nami simwamini Nitin hata ndani ya mchezo. Nilijiona naambiwa "lina pete ya shaba tu" huku mfuko wake umevimba. Nikamwambia Mama Klara afungue yeye. Moshi wa sumu. Amekufa hapo hapo.

Michezo hii ya zamani haina huruma. Mtu akifa, mashine inaandika kifo kwenye disketi wakati huo huo. Huwezi kuzima ukaanza upya. Dawa ni moja: wenzake waubebe mwili mpaka juu, kwenye hekalu, kuhani alipwe dhahabu amfufue. Dhahabu hatuna. Na hata ukilipa, kuhani huweza kushindwa, na akishindwa maiti inageuka majivu.

Mama Klara mwenyewe alikuwa kanisani, kwenye kwaya. Niliinuka nikasema kwa sauti, kwa kujichukia: "Mama Klara amekufa. Mimi ndiye niliyemuua."

Redio ya Mzee Magesa, upande wa pili wa ukuta, ilizimwa.

Jumanne, 16 Desemba

Mama Klara ana homa. Hakuja na ungo wake.

Jumatano, 17 Desemba

Asubuhi hakumtambua mumewe. Tulimbeba kwa mkokoteni mpaka hospitali, Mzee mbele, mimi nyuma nikisukuma kwenye maji. Malaria kali, imepanda kichwani. Wamemtundikia dripu ya kwinini. Klara, binti yao, yuko Kahama na barabara imekatika, habari hazimfikii.

Mimi ni mtu wa vipimo. Najua mbu ni nini. Tangu Novemba mtaa mzima ni madimbwi, na kila nyumba ina mgonjwa. Nayajua yote hayo. Lakini jioni nilipowasha mashine na kuliona jina lake na neno "amekufa" mbele yake, niliizima haraka nikaifunika nailoni. Nimemshuku kila mtu wa mtaa huu. Leo nimeanza kujishuku mimi.

Ijumaa, 19 Desemba

Hakuna anayeitikia salamu yangu. Bombani ndoo yangu ilisogezwa pembeni kwa mguu. Muuza mkaa kasema hana mkaa, nami nauona. Wameambiwa. Nani kawaambia? Nitin. Juzi nilimsimulia habari za sanduku dukani, akatikisa kichwa kwa masikitiko yale ya kibiashara. Nitin tu.

Jumapili, 21 Desemba

Nimeitwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa watu wazima wote wa mtaa. Kwa ajili ya mvua ulifanyika ndani ya ghala tupu la pamba. Vijana wa sekondari waliokuja kuchungulia walifukuzwa. Mambo ya dagashida si ya watoto wa shule. Wanaume walikaa kwa safu na pinde zao magotini. Mimi nilipewa kigoda katikati.

Januari, mtemi wao, ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Hakupoteza muda.

"Mgeni, tumesikia umemuua mke wa katibu wetu, na yeye bado anapumua. Tunataka kujua umefanyaje."

"Nani kasema hivyo?"

Mzee Magesa alisimama. "Mimi. Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema Mama Klara amekufa na yeye ndiye aliyemuua. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne akaugua."

Kumbe Nitin wa watu hakufungua mdomo.

Nilieleza. Nilianza na chuo, nikaja kwenye majina sita, mapango, sanduku, sumu. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Mama mmoja aliuliza kwa nini niliandika majina ya watu bila kuwaomba. Mwingine akauliza kama jina lake limo. Januari akauliza kama yeye yumo; nikasema yumo, ni shujaa wa upanga. Nadhani hakuchukia.

Kisha akanieleza yatakayonipata. Nitatengwa: nisisalimiwe, nisiuziwe kitu, nisichotewe maji, na kabla ya Krismasi niwe nimeondoka, na mitaa na vijiji vya mbele vitaarifiwa kwamba napita. Mtu wa mikoa hii hahitaji kuelezwa maana ya kuarifiwa. Geita hakupitiki, Mwanza hakupitiki. Ningetembea kwa miguu kwenye mvua nikiwa na jina la muuaji mbele yangu, na sungusungu wa kila kijiji wananisubiri barabarani. Niliogopa. Sioni sababu ya kuandika vingine.

"Lakini aliyefunga ndiye afunguaye," alisema Januari. "Huyo mama wa ndani ya chombo, anaweza kuamka?"

Hapo mtu mwenye akili angesema: wazee, ni taa na umeme tu, hakuna mtu humo. Lakini wao waliniuliza swali la mchezo, na mimi nikalijibu kama mchezaji.

"Anaweza. Lipo hekalu wanakofufua. Inatakiwa dhahabu."

Ghala zima liliguna. Wamezoea kusikia kwamba dhahabu ndiyo inayotakiwa.

"Dhahabu ya Geita?"

"Ya humo humo ndani. Lazima ikatafutwe."

"Basi mtaitafuta mbele yetu."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Sauti ikatoka mlangoni: "Wazee, shikamooni. Mimi nina jenereta dukani." Ilikuwa ya Nitin, amesimama na mwavuli, suruali imelowa mpaka magotini. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba anataka kutoza viingilio. Naliandika hilo ili nilisome siku nyingine na kujionea haya.

Habari za majivu sikuzitaja.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumeanza asubuhi. Kompyuta juu ya mzani wa pamba, jenereta ya Nitin nje ikinguruma, wazee wamejaa mbele ya kioo. Watano wanatembea, wa sita amebebwa. Natafsiri kila sentensi.

Kulipotokea mazimwi mawili, Januari alisema tusipigane. "Waulize kwanza wametoka wapi na wanatafuta nini." Niliuliza. Wakatupisha. Tulipofika kwenye sanduku jingine, nilisita, kisha nikasema, "Nitin, fungua." Nitin wa kwenye kioo akategua mtego, ndani mkawa na dhahabu. Wazee wakamgeukia Nitin wa kwenye jenereta, wakampa mikono kama aliyeshinda uchaguzi. Mtu mmoja akamwita shemeji.

Najua hali niliyonayo. Mama Klara amelazwa na hasemi, na mimi nahukumiwa. Lakini mchana ule kulikuwa na saa nzima ambayo nilifurahi kabisa, furaha safi, wazee wa Kisukuma wakibishana kama tuingie kushoto au kulia na mmoja wao ameshika penseli yangu akichora ramani kwa uangalifu kuliko mimi. Nilipokumbuka nilipo, nikajichukia.

Jioni nilimkuta Mzee Magesa peke yake barazani. Nilimwuliza kwa nini alinishitaki, wakati tulisukuma mkokoteni pamoja.

"Hospitali wananiambia nisubiri," alisema. "Leo wamebadilisha dawa, wananiambia nisubiri. Nikaona wewe ukibanwa utafanya kitu. Mimi sina la kufanya."

Jumanne, 23 Desemba

Dhahabu imetimia. Mchawi Mholanzi amekufa njiani, hakuna aliyemlilia. Kesho hekaluni.

Nimemwambia Nitin habari za majivu. Ilibidi nimwambie mtu. Aliuliza, "Mara ngapi kuhani anashindwa?" Nikamwambia chuoni alishindwa mara nyingi. Hakutabasamu, na sijawahi kumwona bila tabasamu.

Jumatano, 24 Desemba

Naandika nikiwa na baridi.

Ghala lilijaa kuliko siku zote. Tulipanda ngazi zote nne bila kugusana na mtu. Hekaluni kuhani alitaja bei, nikalipa, na Januari akavua kofia yake, na wengine wakavua zao. Mzee Magesa alisimama nyuma yangu kabisa. Nilisikia pumzi zake. Nikabonyeza.

Maneno yalitokea moja moja, kwa Kiingereza. Yalisema kwamba kuhani ameshindwa na Mama Klara amekuwa majivu.

Nilikuwa nimetafsiri kila sentensi kwa siku tatu na sasa watu wote wananisubiri. Sikuweza kusema kweli na sikuweza kusema uongo. Nilimwona Januari ananitazama usoni.

"Imeandika: ameamka," alisema Nitin. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayomwambia mteja kwamba redio yake imepona. Kisha akatoka nje, jenereta ikazimika, na kioo kikawa cheusi.

Akina mama wakapiga vigelegele. Januari akatangaza kwamba mgeni amefungua alichofunga, na mtu asimguse. Wakanishika mkono mmoja mmoja, hata yule wa mkaa. Nilimtafuta Mzee Magesa nikamwona tayari yuko nje, anaelekea hospitali, hana mwavuli. Nikataka kumfuata. Nikabaki ghalani. Nilijua nilichokisoma.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mama Klara ameamka alfajiri akaomba chungwa. Amemgombeza nesi kwa kumchoma mkono ule ule.

Nimelia nyuma ya choo kama mtoto. Halafu nikafikiri: kumbe majivu si kitu, mashine haina nguvu yoyote, sikumuua wala sikumponya. Nilifurahi sana. Na tena, ndani kidogo, niliona kama nimepokonywa kitu. Binadamu ana mambo.

Jumapili, 28 Desemba

Amerudi nyumbani, amekonda. Swali lake la kwanza kwangu: tabibu wake amefikia ngazi ya ngapi? Nimemwambia disketi imelowa na mchezo umeharibika. Amenitazama kwa muda mrefu. Sasa ndiye anayenishuku mimi, na ana haki.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Mvua. Nitin amekuja kula ugali na sato. Kaniuliza kama kwenye bati mna mchezo mwingine. Tumeanza mmoja pamoja, kundi limepewa majina ya miji.

Jumamosi, 10 Januari

Ujumbe umefika: lori la kambi litanipitia kesho. Leo Mzee Magesa alikuja kunisaidia kuifunga kompyuta. Alikuwa ameleta kamba ya katani, akaizungusha bila haraka, akakaza fundo, na bila kuniangalia akasema:

"Mke wangu usije ukamwambia habari za majivu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Majivu gani, mzee?"

"Niliyasoma. Nilikuwa nyuma yako."

"Unajua Kiingereza?"

"Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nastaafu. Hukumu zinaandikwa kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea washtakiwa kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo nilitafsiri kama ilivyoandikwa. Sikuongeza, sikupunguza." Alijaribu fundo kwa kidole. "Nitin ni karani mzuri kuliko mimi."

"Mbona hukusema? Wewe ndiye uliyenishitaki."

"Ningesema, wewe usingefika hata barabarani. Na yeye asingepona kwa hilo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tena nilitaka kwenda kumwona kabla watu hawajaanza kunipa pole."

Aliubeba mzigo mpaka barazani, akauweka mahali pasipovuja, akaingia ndani kwa mkewe.

Tangu Novemba nimemchunga mzee huyu nikiamini yeye ndiye anayenichunga. Sasa namwona anavyotoka ghalani siku ile, vigelegele vinapigwa nyuma yake, anatembea kwenye mvua kwenda hospitali peke yake. Aliamini mashine ile kuliko mtu yeyote mle ndani, na ndiye peke yake, mbali na mimi na Nitin, aliyejua imesema nini. Alikuwa anakwenda kuchukua maiti, na mimi aliniacha nipewe mikono.